Tarsila hakuwepo mwaka 1922

Wengi hudhani kwamba mchoraji wa Brazili, Tarsila do Amaral, alishiriki Wiki ya Sanaa ya Kisasa, tamasha lililofanyika São Paulo Februari 1922. Hapana, hakuonyesha picha hata moja. Alikuwa Paris, masomoni, na alirudi Brazili Juni mwaka huo. Aliyeonyesha ni mchoraji mwenzake Anita Malfatti, naye ndiye aliyemtambulisha Tarsila kwa kundi la wasanii wa tamasha lile. Pengine ndiyo maana watu huwachanganya.

Kilichomfanya awe Tarsila tunayemjua kilikuja baadaye. Mwaka 1923 alisoma kwa mchoraji Mfaransa Fernand Léger huko Paris, na mwaka uliofuata akasafiri na marafiki kwenye miji ya kale ya jimbo la Minas Gerais, Brazili. Huko, katika nyumba na makanisa ya watu wa kawaida, alikutana tena na rangi alizozipenda utotoni shambani kwao: buluu safi, waridi, manjano makali, kijani. Mwenyewe aliandika kwamba walimu walikuwa wamemfundisha kuwa rangi hizo ni mbaya, za kishamba. Akazirudisha kwa makusudi, ndani ya maumbo aliyojifunza Ulaya. Kwangu mimi huo ndio ujasiri wake mkubwa kabisa.

Picha yake Abaporu ya 1928 ndiyo iliyomchochea mwandishi Oswald de Andrade, mumewe wakati huo, kuandika ilani yake maarufu, Manifesto Antropófago (Ilani ya Ulaji Watu). Jina la picha ni la Kitupi-Guarani, lugha za wenyeji wa asili wa Amerika Kusini, maana yake mtu anayekula watu. Picha hiyo sasa iko Buenos Aires, kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la MALBA.