Waini ya kuanzia

Dada, kama nyekundu ya harusini ilikukausha mdomo, usiichukie waini. Ule ukavu unaletwa na tanini, kemikali ya asili inayotoka zaidi kwenye maganda ya zabibu. Anza na nyeupe yenye utamu kidogo. Ukiona "dry" kwenye lebo, yaani isiyo na utamu, rudisha rafuni kwanza. Mimi nilianzia Chenin Blanc, nyeupe ya Afrika Kusini, imelala friji saa mbili, na samaki changu wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu. Sijarudi nyuma! Nyekundu ya Dodoma utaijaribu baadaye, na nyama choma. Kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ila kula kwanza, maana kilevi huwa asilimia 12 hadi 14, zaidi ya mara mbili ya bia nyingi.