Mtoto wa pumu na usingizi wa mama

Karibu miaka miwili nililala kama mlinzi. Mwanangu alikuwa na miaka minne, na baridi ya Arusha ikishaingia mwezi wa Juni, kifua kinaanza. Saa tisa, saa kumi alfajiri, kikohozi kikavu, halafu ule mluzi. Hata usiku aliolala vizuri niliamka kumpapasa mbavu, nijue zinapanda na kushuka.

Uchovu ule ulinibadilisha. Nilimfokea dada yake kwa kikombe kilichovunjika hadi akaogopa kunisogelea. Nililia jikoni kabla watu hawajaamka. Na kujilaumu hakukuisha: labda moshi wa mkaa, labda nilimwogesha jioni, labda ni damu ya kwetu, maana babu naye alikuwa na pumu.

Kilichonifungua macho ni swali la muuguzi kliniki: mwezi huu kifua kimemwamsha usiku mara ngapi? Nikamwambia karibu kila siku. Akanieleza kwamba kwa mtoto mdogo hata mara moja kwa mwezi ni dalili kuwa pumu haijatulia. Mimi nilidhani pumu ndivyo ilivyo, na kazi ya mama ni kukesha.

Ndipo nikakiri kwamba ile pampu ya kahawia, dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu, niliiacha. Mama mkwe alihofia mtoto ataizoea, nami nikimwona anacheza mchana nikasema ya nini. Tukabaki na ya bluu, inayofungua njia ya hewa kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani hutulizwa na ile nyingine, kidogo kidogo, kila siku, hata mtoto akiwa mzima. Si dawa ya kulevya. Anasukutua mdomo akimaliza, basi.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, tundika kalenda karibu na kitanda, utie alama kila usiku anaoamka. Nenda nayo kliniki. Ukiulizwa hali ya mtoto usijibu "hajambo" kwa adabu tu, onyesha alama. Na habari zako pia zitaje: kama hulali, kama unalia, sema.

Kisha gawaneni usiku. Hapa ndipo niliposhindana sana na nafsi yangu, kwa kuwa niliamini baba yake hatasikia. Nilimfundisha kupuliza dawa kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako: puliza moja, mtoto avute pumzi tano au sita, ndipo ya pili. Mlangoni tukabandika karatasi ya mambo ya kukimbilia hospitali bila kusubiri kuche: mbavu zinabonyea akivuta pumzi, anashindwa kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, pampu ya bluu haimsaidii.

Usiku wa kwanza nililala chumba cha pili macho wazi. Mtoto akakohoa, nikasikia kitanda kikilia, baba yake ameshainuka. Usiku wa nne niliamshwa na jua.