Pete ya enameli nyeupe: harusi au msiba?

Unauliza kama pete yako ya zamani ya Kiingereza, yenye enameli nyeupe (rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya metali), ni ya harusi au ya msiba. Ni ya msiba, ndugu, weupe usikuchanganye. Uingereza ya miaka ya 1700, pete ya kumbukumbu ya marehemu kwa kawaida ilipakwa enameli nyeusi. Nyeupe mara nyingi iliwekwa kwa mtoto, au kwa mtu aliyefariki kabla ya kuoa au kuolewa. Jina na tarehe zilizozunguka pete yako nzima zinaonyesha hivyo pia.

Chukua kioo cha kukuzia usome herufi zile ndogo: "ob" ni kifupisho cha Kilatini, maana yake alifariki, na "aet" hufuatwa na umri wake. Mimi husafisha vito vya zamani kwa sonara, na niliwahi kushika moja iliyoandikwa "aet 4". Miaka minne tu. Niliiweka mezani nikakaa kimya kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Ila angalia hili: nywele zilizosukwa na kuwekwa chini ya kioo kidogo cha pete, peke yake, si ushahidi wa kifo. Wapenzi walio hai nao walipeana nywele, na mama aliweka za mwanawe. Kinachoamua ni maandishi. Lulu ndogo pembeni nazo husaidia, kwani mara nyingi zilisimama badala ya machozi.

Na tafadhali usiiloweke majini. Maji yakipenya chini ya kioo cha pete, nywele huharibika na hazirudi tena.