Unahamia kijijini kaskazini mwa Ufini? Leseni ya gari kwanza, halafu ziwani

Wadau, kila nikiweka picha ya theluji meseji zinamiminika, kaka huko kukoje, nije au nisije. Wengi wanadhani nakaa Helsinki. Mi niko Posio, manispaa ndogo ya Lapland, watu kama elfu tatu tu halafu misitu na maziwa hadi unachoka kuhesabu, mji wa Rovaniemi ni kilomita 130 hivi na njiani poro, yani kulungu wa huku kwenye baridi, wamesimama katikati ya lami kama mbuzi wa kwetu Ukerewe, tena honi hawaijali kabisa.

Kwa hiyo leseni ya gari usiifanyie mzaha. Mi nilikuja bila gari nikijua mabasi yapo, kumbe basi langu lilifuata ratiba ya shule, shule zikifunga na wewe umefungwa. Miezi miwili naomba lifti, aibu tupu. Na gari la huku lina mambo yake, matairi ya baridi lazima, usiku unalichomeka kwenye soketi ya nguzo kama simu injini ipate joto, ukisahau na nje ni hasi 30 asubuhi utalia.

Lugha nayo. Vijana Kiingereza wanakijua ila wazee wengi hawana habari nacho, na kijiji ni cha wazee. Nilienda darasani nikafundishwa sarufi, sawa, ila Kifini changu cha kuongea nimekitoa kwenye barafu ya ziwa Kitka. Kukaa na kijiti kwenye tundu la barafu unavua, wao wanaita pilkki, ni bure kwa kila mtu, kibali huhitaji. Jirani yangu, mzee wa makamo ya babu, alikuwa miezi yote ananijibu kwa kutikisa kichwa tu, siku nimekaa kando yake ziwani ndo akaanza kuongea, tena akaanza kwa kunigombeza, shingoni sina zile pini za kujivuta utoke majini barafu ikikatika. Alikuwa sahihi. Nunua hizo kabla ya ndoano, na barafu isipofika sentimita 10 mi siikanyagi, watakaokwambia 5 zinatosha waache watangulie wao.

Samaki wenyewe ni muikku, wadogo, wanang'aa, mtu wa Mwanza akiwaona anasema hawa si binamu za dagaa? Wa Kitka wana jina lao, Kitkan viisas, yani mwerevu wa Kitka, wazee wanatania kwamba maji ya ziwa hili yanateremka hadi Urusi ila samaki akikaribia mpaka anageuza. Unawapaka unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, na chumvi, unawakaanga kwa siagi, unakula na miba yake. Nikamweleza mzee kwamba kwetu dagaa tunawavua usiku wa giza kwa karabai, akacheka sana, Juni huku usiku wenyewe hauingii giza, sasa karabai utawashia nini.

Desemba ndo ngumu, sikufichi, jua linachungulia kidogo linaondoka, kula vitamini D na utoke nje hata kama hutaki.

Halafu ukija beba pilipili kichaa za kutosha. Za dukani hapa haziwashi, na mzee akizoea zako atakuja na ndoo ya muikku kila wiki kuziulizia.