Magego ya juu kuingia ndani ya yale ya chini: usisubiri meno ya utoto yaishe

Ndugu yangu, umesema binti yako ana miaka 8, akifunga mdomo magego yake ya juu ya upande wa kulia yanaangukia ndani ya yale ya chini, na wakubwa nyumbani wanasema msubiri meno ya utoto yaishe. Mimi nilisubiri hivyo hivyo kwa mwanangu wa kwanza, akatibiwa akiwa na miaka 15. Mdogo wake nilimpeleka akiwa na 8. Nimeona tofauti, ndiyo maana nakusihi umpeleke sasa.

Kwanza mwambie afungue mdomo, kisha afunge polepole huku unatazama kidevu. Mwanangu mdogo meno yalikuwa yakigusana kidogo, halafu taya la chini linateleza pembeni ndipo magego yakutane vizuri. Daktari wa kupanga meno alitueleza kuwa taya la juu ni jembamba, kwa hiyo la chini linatafuta pa kukaa. Mtoto akikua miaka yote akifunga hivyo, taya linaweza kukua likielemea upande mmoja. Kwa yule mkubwa kidevu kilikuwa kimeshakwenda kando, nami nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Mpaka leo linaniuma.

Kaakaa, yaani paa la mdomo kwenye taya la juu, ni mifupa ya pande mbili iliyokutana katikati kwenye mshono. Utotoni mshono huo unaachia kwa urahisi, lakini kadiri ujana unavyosonga unazidi kushikana. Mdogo aliwekewa kifaa cha chuma cha kupanua taya la juu, kilichogandishwa kwenye magego ya juu, chenye skrubu katikati. Kila jioni niliizungusha mara moja kwa ufunguo mdogo, na kila mzunguko ulikuwa robo ya milimita tu. Ufunguo ufunge uzi na uuzungushe kwenye kidole chako, usije ukakuponyoka ukamwingia mtoto kooni. Tena sukuma mpaka tundu linalofuata lionekane, la sivyo kesho yake hutapata pa kuingiza.

Siku za mwanzo alitokwa mate mengi, akazungumza kama ana pipi mdomoni, na akasema anabanwa kwenye mzizi wa pua. Baada ya siku kadhaa ukatokea mwanya kati ya meno mawili ya mbele. Nilishtuka sana! Kumbe ndiyo dalili kwamba mshono umeachia, na mwanya ulijiziba wenyewe. Upanuzi ulipokwisha, skrubu ilifungwa na kifaa kikabaki miezi 6 ili mfupa mpya ujaze ile nafasi. Hapo usimkubalie mtoto anayelia kitolewe mapema, kwa sababu taya hurudi.

Mkubwa naye alipanuliwa, kwa bahati mshono wake ulikuwa bado haujashikana kabisa, ila maumivu yalikuwa makali zaidi, kisha akavaa breisi, yaani nyaya za kunyoosha meno, karibu miaka miwili. Magego sasa yanakutana sawa. Kidevu hakikurudi chote. Daktari alisema angechelewa zaidi huenda angehitaji skrubu za kutobolewa kwenye mfupa, au upasuaji.

Kama jino lenye shida ni la mbele, nalo usiliache, maana jino la chini linalogongwa vibaya huweza kupoteza fizi. Mara nyingi jino moja husogezwa kwa kifaa chepesi cha kuvaa na kuvua. Ila taya zima la chini likiwa limetangulia mbele, hiyo ni kesi nyingine.

Je, bado ananyonya kidole, au analala mdomo wazi? Mwambie daktari. Wangu alinyonya kidole mpaka miaka 6, na tuliambiwa tabia ikirudi, tatizo nalo linaweza kurudi. Halafu uliza wazi: mfupa ndio mwembamba, au ni meno tu yameinama? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kifaa atakachowekewa.