Doa la rosella limegeuka kijani, nimeuziwa rangi?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Jumapili mwanangu kamwaga juisi ya rosella kwenye shati lake jeupe la shule, nikalipaka sabuni ya mche fasta, basi lile doa jekundu hapohapo likawa bluu, mara kijani. Jirani anasema rosella imetiwa rangi ya viwandani, niimwage yote. Kweli? (Mama Wawili, Tanga)

JIBU: Mama Wawili, usimwage hata kikombe! Kugeuka huko ni dalili nzuri. Wekundu wa rosella unatoka kwenye ua lenyewe, ni rangi inaitwa anthosianini, na yenyewe inafuata ilipo, kwenye asidi inakuwa nyekundu, kwenye besi, yaani kinyume cha asidi, inakwenda bluu mpaka kijani. Rosella ni chachu, yaani ina asidi, wakati sabuni ya mche inapikwa kwa mafuta na kostiki soda kwa hiyo ni besi, hata ule utelezi wa vidoleni ni tabia ya besi.

Asidi inatoa chembe za haidrojeni kwenye maji, besi inazinyaka, na zikipungua molekyuli ya rangi inabadilika umbo na jicho linaona rangi nyingine. Ukali wa asidi au besi tunaupima kwa pH, kipimo kilichoanzia Denmaki mwaka 1909, maji safi ni 7, limao kama 2, maji ya sabuni 9 au 10, ila kila namba moja ukishuka asidi inaongezeka mara kumi, kwa hiyo asidi ya limao sio mara tano ya maji, ni mara 100,000, hapo wengi wanapapita haraka mno.

Jaribu leo na watoto. Rosella kidogo kwenye glasi, tia magadi ncha ya kijiko, itatoa povu halafu wekundu utaondoka, kisha kamulia limao taratibu uone wekundu unavyorudi pale tone linapoangukia, mimi mpaka leo napenda sana kuangalia hapo. Rangi nyingi za unga za dukani hazigeuki hivyo. Bizari manjano nayo ukiipaka sabuni inakuwa nyekundu, ni mambo hayohayo.

Shati sasa. Suuza sabuni yote, ndo ukamulie limao. Ila nakuomba sana mama, limao likiwa bado kwenye nguo usimwagie jiki, asidi na jiki vikikutana inatoka gesi ya klorini, inachoma koo na mapafu. Suuza kwanza kwa maji mengi na dirisha liwe wazi.