Wasomaji Wanauliza: Raspberry Pi ya nyumbani, tuanze na chaja

SWALI: Kaka habari za kazi, nakuandikia kutoka Morogoro. Nimenunua Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo, ya RAM giga 2 kwa mtu alikuwa anaitumia, nataka nifunge programu ya Pi-hole izuie matangazo kwenye simu zote za hapa nyumbani maana bando linaisha haraka na watoto wanabonyeza kila kinachong'aa. Nimeweka memori kadi ya giga 32, nimechomeka chaja ya simu, inawaka vizuri halafu baada ya muda inajizima na kuwaka yenyewe. Umeme ukikatika ndo balaa, ukirudi haiwaki tena mpaka niandike kadi upya. Halafu sina skrini wala kibodi ya ziada. Naanzia wapi?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Achana na Pi-hole kwanza, tuongelee chaja, maana maswali kama lako napata mengi na karibu yote mwisho wa siku yanaishia kwenye umeme, sio kwenye programu.

Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3 zisizoyumba. Chaja nyingi za simu zimeandikwa namba kubwa kwa nje, ila ukisoma yale maandishi madogo utakuta ule uwezo mkubwa unapatikana kwenye volti 9, yaani chaja inaongea kwanza na simu halafu ndo inapandisha. Pi haiongei nayo hivyo, kwa hiyo inabaki kwenye volti 5 ambazo mara nyingi ni ampea 2 tu. Ongeza na waya mwembamba mrefu, umeme unapungua njiani, ukishuka chini ya kama volti 4.63 Pi inaanza kulalamika na kujipunguzia kasi, ukizidi kushuka inazima. Ndo maana chaja yao rasmi inatoa 5.1, ile pointi moja ni ya kufidia kinachopotea kwenye waya. Kuhakikisha, ukishaingia kwenye Pi (njia iko hapo chini), andika vcgencmd get_throttled, ikijibu 0x0 uko salama, ikijibu 0x50000 ujue tangu iwake kuna wakati umeme umeshuka, na 0x50005 maana yake hata sasa hivi unavyoangalia umeme hautoshi. Hiyo namba isikudanganye kwamba ni kitu kidogo, kadi inaharibika hapo hapo.

Na kwa vile umenunua ya mkononi, Pi 4 za mwanzo kabisa za mwaka 2019 zilikuwa na kasoro kwenye tundu la USB-C, ukitumia zile waya nene za chaja za laptopu haiwaki kabisa. Ikikutokea hivyo badilisha waya kwanza kabla hujasema imekufa.

Sasa kadi. Linux, mfumo unaoendesha Pi, muda wote inaandika vitu kwenye kadi, umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu. Kwa umeme wetu huu dawa ya kwanza ni UPS ndogo ya DC, zile wanazofungia ruta, ila soma kwanza upande wa USB inatoa ampea ngapi, nyingi zinatoa 2 na wewe unataka 3. Dawa ya pili ni kuhama kwenye kadi kabisa ukatumia SSD kwa USB, Pi 4 inaweza kuwaka kutoka huko bila kadi. Dawa ya tatu haina gharama: ingia raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, uwashe overlay, kadi inakuwa ya kusomwa tu, hata umeme ukatike mara kumi hakuna kinachoandikwa. Ubaya wake ni kwamba kila ukizima na kuwasha, kumbukumbu za Pi-hole zinapotea, na ukitaka kuapdeti lazima uzime overlay kwanza. Mimi kwa mtu anayeanza ningesema UPS. Na ukitaka kuizima mwenyewe usichomoe tu, andika sudo poweroff usubiri taa ya kijani itulie.

Kingine, kadi feki zimejaa sokoni. Imeandikwa 32 kumbe ndani ni 8, inakubali kuandikwa mpaka inafika pale halafu data zinapotea kimya kimya. Kwenye Windows ipime na H2testw, kwenye Linux tumia F3, inachukua muda ila ni bora ujue mapema.

Skrini huhitaji. Kwenye laptopu fungua Raspberry Pi Imager, programu ya kuandika kadi, chagua Raspberry Pi OS Lite, na kabla hujabonyeza kuandika ingia kwenye mipangilio uipe jina, tuseme mlinzi, utengeneze jina la mtumiaji na pasiwedi yako, uwashe SSH, njia ya kuingia kwenye Pi kwa maandishi kutoka kwenye laptopu. Hapa watu wengi wanakwama kwa sababu wanafuata video za zamani zinazosema ingia kwa pi na raspberry, hiyo akaunti imeondolewa tangu Aprili 2022, lazima utengeneze yako. Chomeka waya wa LAN kwenye ruta, usitegemee waifai kwa kazi hii, washa, subiri dakika kadhaa, halafu kwenye laptopu andika ssh jinalako@mlinzi.local. Ikikataa fungua ukurasa wa ruta uangalie orodha ya vifaa, chukua ile IP yake, yaani namba ya anwani yake, utumie hiyo.

Ukishaingia, kabla ya kitu chochote kwenye ruta iwekee Pi anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Ndo ufunge Pi-hole kwa kufuata maelekezo ya kwao, mwishoni itakuonyesha pasiwedi ya ukurasa wake, iandike mahali. Halafu kwenye ruta sehemu ya DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, weka ile IP ya Pi peke yake. Usiweke 8.8.8.8 pale kwenye DNS ya pili ukidhani ni ya akiba, simu zinatumia yoyote kati ya hizo zikijisikia na matangazo yatapita tu. Kuna ruta za laini hazikuruhusu kugusa DNS, hapo unazima DHCP ya ruta na kuiwasha ya Pi-hole, Pi ndo itagawa anwani kwa nyumba nzima. Na simu za Android angalia ile sehemu ya DNS ya faragha, kama imewekewa seva fulani hiyo simu itaipita Pi-hole kama haipo.

Kitu kimoja kinachosumbua sana sehemu zenye umeme wa kukatika na sioni kikisemwa: Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukirudi inawaka na saa ya nyuma, inatakiwa iulize mtandaoni saa ngapi sasa. Kama umewasha DNSSEC, ule ukaguzi wa uhalali wa majibu ya DNS, kwenye Pi-hole, saa ikiwa sio sahihi DNSSEC inakataa majibu, na bila majibu haiwezi kuifikia hiyo seva ya saa, inazunguka hapo hapo na nyumba nzima inasema intaneti imekufa wakati ruta iko fresh. Kwa nyumbani iache DNSSEC imezimwa, au weka seva ya saa kwa namba ya IP badala ya jina.

Kuhusu bando nikwambie ukweli, matangazo ya YouTube Pi-hole haiyazuii, yanatoka kwenye anwani zile zile za video yenyewe. Itakupunguzia matangazo ya kwenye tovuti na kwenye gemu za watoto, na vile vitu vinavyofuatilia simu, hilo peke yake kwa watoto mimi naona linatosha kuifunga. Ila video ndo zinakula bando, hizo zishushe ubora kwenye simu zenyewe.

SWALI: Mimi ni mwalimu, niko Mombasa. Nina Raspberry Pi 3 na diski ya nje ya tera 1, ina picha za familia na video za harusi zetu zote. Nataka simu na TV za nyumba zione kupitia waifai. Nikiichomeka diski inalia tik tik na haionekani. Mbovu?

JIBU: Pole mwalimu, na tafadhali acha kwanza kuijaribu jaribu. Huo mlio wa tik tik kwa kawaida ni diski inataka kuzunguka na umeme hautoshi, sasa kila ukichomeka unaiumiza. Matundu yote manne ya USB ya Pi 3 yanagawana ampea 1.2 kwa pamoja, na diski ya kuzunguka ikianza inavuta nyingi. Ichomeke kwenye laptopu kwanza, ikisoma sawa basi tatizo si diski, nunua USB habu yenye adapta yake ya ukutani upitishie hapo.

Na kabla hujafunga Samba, programu ya kugawa mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, nakuomba sana mwalimu, nakili hizo picha kwenye diski nyingine ukaiweke kwa ndugu. Diski iliyo kwenye Pi inafanya kazi usiku na mchana, na ikifa hakuna harusi ya kurudiwa.

Kuhusu kasi, LAN ya Pi 3 mwisho wake ni megabiti 100, kwa hiyo utapata kama megabaiti 11 kwa sekunde, filamu ya giga 4 inanakilika kwa dakika sita hivi, kwa kutazama video kawaida yatosha sana. Ukiandika diski kwenye fstab, lile faili la orodha ya diski za kufunguliwa Pi ikiwaka, weka neno nofail, la sivyo siku diski ikichomolewa Pi inaweza kukwama katikati ya kuwaka.

SWALI: Niko Muscat, wazee wako Unguja, nimewaachia Pi na ruta ya laini. Nimefungua porti, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, kwenye ruta kama nilivyoelekezwa ila kutoka huku siifikii.

JIBU: Fungua ukurasa wa ruta uangalie IP ya upande wa nje. Ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na porti unazofungua wewe hazifiki popote. Zifunge zote. Mwambie mtu wa pale nyumbani akufungie Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, kwenye Pi, na wewe uweke kwenye simu yako kwa akaunti ile ile, Pi yenyewe ndo inatoka nje kukutafuta kwa hiyo hakuna porti ya kufungua, na hakuna mgeni anayeiona.

SWALI: Ikikaa imewaka mwezi mzima LUKU si itaisha?

JIBU: Hapana dada. Hata tukiipigia wati 5 muda wote, saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 3.6 tu, na bila diski ikiwa haina kazi mara nyingi inakula chini ya hapo.